Barafu, Chumvi au Moshi? Kuchagua Njia ya Kuhifadhi Samaki kwa Kumjua Bakteria

Anayenunua samaki alfajiri pale Feri ya Mtwara ana swali moja la kujibu kabla jua halijapanda: hawa wataliwa wapi, na lini? Wa kuliwa Shangani, hapahapa mjini, mchana huohuo hawana neno. Wa kwenda Masasi, kama kilomita 200 kwa barabara, au wa kupandishwa Newala na Tandahimba, hao ndio wanaohitaji uamuzi. Pwani yetu, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, ina njia tano za kawaida: barafu, chumvi, kuchemsha na kuanika, moshi, na kukaanga. Kila mtu ana njia anayoiapia, na mara nyingi anaiapia kwa kuwa ndiyo aliyoikuta kwao.

Mimi nitazipima kwa kipimo kingine. Anayeozesha samaki ni bakteria, basi tumwangalie yeye kwanza: ameumbwaje, anaishi kwa kula nini, anaongezeka kwa kasi gani. Kisha tuulize kila njia inamnyima nini. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakokupeleka: samaki wa kuliwa ndani ya siku chache na apewe barafu; wa safari ndefu isiyo na uhakika apewe chumvi, tena chumvi nyingi; dagaa wachemshwe; moshi peke yake uwe chaguo la mwisho; na jodari hana chaguo, ni barafu tu.

Unayepambana naye

Nyama ya ndani ya samaki aliye hai haina bakteria. Wako nje: kwenye ute wa ngozi, kwenye mashavu na ndani ya matumbo. Samaki akifa, kinga ya mwili wake inakufa pia, na wale waliokuwa wamezuiliwa nje wanaanza kupenya.

Bakteria ni seli moja peke yake. Ukiwapanga elfu moja kwenye mstari mmoja, mstari wote hautazidi milimita moja au mbili. Ndani yake hamna kiini kilichozungushiwa utando kama kilichomo kwenye seli zetu. DNA yake, ambayo kwa kawaida ni duara moja refu, imejikunja katikati ya uteute, na pembeni yake zimejaa ribosomu zinazotengeneza protini usiku na mchana. Yote hayo yamefunikwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Utando huo ndio mlango wa seli, na ndio jiko lake pia: bakteria hana mitokondria, vile vyumba vya nishati vya seli zetu, hivyo upumuaji wake na sehemu kubwa ya nishati yake hufanyika palepale kwenye utando. Ukiuharibu utando, umemaliza kazi.

Nje ya utando upo ukuta, na hapa bakteria wanatofautiana. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alieleza namna ya kuwatia rangi ambayo hadi leo maabara za hospitali zinaitumia. Wapo wanaoishika rangi kwa sababu wana ukuta mnene, na wapo wasioishika kwa sababu ukuta wao ni mwembamba, ingawa umefunikwa na utando wa pili kwa nje. Wanaomwozesha samaki aliye kwenye ubaridi, hasa Shewanella na Pseudomonas, ni wa ukuta mwembamba. Staphylococcus aureus, anayeishi puani na mikononi mwetu, ni wa ukuta mnene. Tofauti hiyo utaiona ikifanya kazi tukifika kwenye chumvi.

Sasa kasi. Bakteria hutanuka, hunakili DNA yake, hujenga ukuta katikati na kuwa wawili. Akiwa kwenye joto analolipenda, bakteria wa kawaida anaweza kulimaliza hilo kwa dakika 20; Vibrio parahaemolyticus, mkazi wa maji ya bahari yenye joto kama yetu, anaweza kutumia nusu ya muda huo. Chukua bakteria 1,000 kwenye gramu moja ya samaki, wagawanyike kila dakika 20. Baada ya saa tano na nusu wamefika milioni 100, na hapo hakuna mnunuzi atakayehitaji kuambiwa. Ni hesabu ya karatasini, maana kwanza huwa na kipindi cha kujizoesha na mwisho chakula hupungua na uchafu wao wenyewe huwasonga. Lakini inaonyesha kwa nini samaki wa saa kumi na mbili asubuhi ana hali nyingine kabisa adhuhuri, na kwa nini saa mbili za mwanzo zina thamani kuliko saa sita za mwisho: ukiwachelewesha wakiwa 1,000, umechelewesha kila kizazi kitakachofuata.

Na wanakula nini? Wanaanza na vitu vyepesi vilivyomo kwenye maji ya nyama, sukari kidogo na asidi amino (vipande vinavyojenga protini), kabla hawajafika kwenye protini zenyewe. Samaki wa bahari ana kitu kingine cha kuwafaa. Mwili wake una trimethilamini oksidi, kemikali inayomsaidia kuhimili chumvi ya baharini. Bakteria anapopumua kama sisi huchukua elektroni kutoka kwenye chakula na kuzikabidhi kwa oksijeni. Ndani ya nyama oksijeni huisha mapema. Hapo Shewanella hana wasiwasi: huzikabidhi elektroni zake kwa ile oksidi, hupata nishati yake, na kinachobaki ni trimethilamini, yaani shombo kali inayokufikia kabla hujaifikia meza. Shombo ile ni pumzi ya bakteria. Samaki wengi wa maziwa na mito hawana oksidi hiyo kwa wingi, ndiyo maana sato akichina hanuki sawa na changu aliyechina.

Barafu

Barafu haiui. Wengi hawalijui hili, nao hushangaa samaki aliyelala vizuri kwenye barafu anapoharibika haraka akishatolewa mezani. Kinachofanyika ni kwamba mafuta ya utando wa seli yanakakamaa, milango inafunguka kwa shida, vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, vinafanya kazi polepole, na kugawanyika kulikokuwa kunachukua dakika kunachukua saa nyingi. Kwenye nyuzi sifuri hata wale waliozoea baridi hujigawa kama mara moja tu kwa siku.

Hapa sisi wa bahari ya joto tuna bahati ambayo wavuvi wa Ulaya hawana. Samaki wa bahari baridi hutoka majini akiwa na bakteria ambao tayari utando wao umeumbwa kwa baridi. Ukimweka kwenye barafu wanaendelea na kazi, ingawa polepole. Changu au tasi wa Mikindani anatoka kwenye maji ya nyuzi ishirini na kitu, bakteria wake wengi ni wa joto, na barafu inawakuta hawajajiandaa. Wale wachache wanaoiweza baridi huchukua hata wiki moja hadi mbili kabla hawajaanza kuongezeka kwa kasi. Kwa hiyo samaki wetu, akipewa barafu ya kutosha mapema, hudumu kwenye barafu kuliko wengi wa kwao. Tatizo letu liko kwenye maneno hayo mawili: ya kutosha, na mapema.

Ya kutosha ni kiasi gani? Hesabu si ngumu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto. Kilo 20 za samaki walio kwenye nyuzi 28 zinahitaji kupokonywa karibu kilojuli 2,000 ili zifike sifuri. Hiyo ni kilo 6 za barafu zinazoyeyuka zote kwa kazi ya kupoza tu, kabla hujahesabu joto linalopenya kwenye deli njia nzima, kifuniko kinachofunguliwa kila kituo, na jua la kituo cha Mnazi Mmoja njiani mkiwa mmesimama. Ndiyo sababu ushauri wa nchi za joto ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Mfuko mmoja wa barafu juu ya tenga zima, kama bodaboda wengi wanavyobeba, unapoza mikono ya mbebaji.

Mengine ni ya kawaida lakini hayapuuzwi. Barafu iliyosagwa inashika mwili wa samaki pande zote. Bonge linagusa sehemu tatu nne na kuacha mapengo. Ipangwe tabaka kwa tabaka, barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu. Deli liwe na tundu la kutolea maji, kwa sababu maji yanayoyeyuka yanasuuza ute na bakteria wake, na yakibaki chini samaki wa mwisho wanaoga uchafu wa wa juu. Samaki wakubwa watolewe matumbo na mashavu kabla ya kuingia. Barafu yenyewe itoke kwenye maji unayoweza kunywa.

Friza ni kitu kingine. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri maji yameganda, bakteria hana maji ya kutumia, na kuongezeka kunasimama kabisa. Baadhi yao hufa kwa kuchanwa na chembe za barafu. Wanaobaki huamka umeme ukikatika kwa muda mrefu, na huikuta nyama nayo imechanika na kuvuja majimaji, yaani chakula kimeshaandaliwa. Friza nzuri ni ya mtu mwenye umeme wa kuaminika. Kwa wengine, deli lililojazwa barafu ni salama kuliko friza inayoyeyusha na kugandisha.

Chumvi

Chumvi inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa: inamnyima bakteria maji huku maji yakiwepo. Maji huvuka utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Ukimpaka samaki chumvi, maji yanatoka kwenye nyama, yanatoka pia kwenye seli ya bakteria. Utando unajitenga na ukuta, seli inanywea, kazi zote zinasimama.

Wataalamu wa vyakula hupima jambo hili kwa namba inayoanzia 0 mpaka 1, inayoonyesha ni sehemu gani ya maji iliyo huru kutumiwa. Maji safi ni 1. Samaki mbichi ni kama 0.99. Pseudomonas anashindwa ikishuka karibu na 0.97, na bakteria wengi wa kuozesha wanaachia ngazi kwenye 0.91 hivi. Maji yaliyoshiba chumvi mpaka hayayeyushi zaidi ni 0.75. Ukiifikisha nyama huko, karibu wote wameshindwa.

Karibu. Staphylococcus aureus anaweza kuishi na kuongezeka hadi 0.86. Ukuta wake mnene unabeba shinikizo kubwa la ndani, na badala ya kuiachia chumvi ivute maji yake, anajijazia asidi amino kama prolini ili ndani yake kuwe na uzito unaolingana na wa nje. Anatoka wapi? Mikononi na puani mwa anayepasua samaki. Akiongezeka vya kutosha hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi: unamuua bakteria, sumu inabaki, na mlaji anatapika ndani ya saa chache.

Ndiyo maana napinga vikali chumvi ya kunyunyiza. Mtu anamwaga vigao viwili juu ya tenga, anaona ameokoa mali. Alichofanya ni kuwaondoa wale dhaifu waliokuwa wakigombea chakula na kumwachia Staphylococcus uwanja mzima. Chumvi ya nusu nusu ni mbaya kuliko kuuza samaki jioni hiyo kwa bei ya hasara. Ukiamua chumvi, iwe kilo moja kwa kila kilo tatu za samaki, isuguliwe ndani na nje, samaki awe amepasuliwa mgongo akafunguka kama anavyofunguka ng'onda (samaki wa chumvi aliyeanikwa) yeyote, na mwenye minofu minene achanjwe. Chumvi inaingia polepole kutoka juu. Bakteria wako pia karibu na uti wa mgongo, kwenye damu na matumbo. Kwenye mashindano hayo unene wa nyama ndio unaoamua, na papa mkubwa asiyechanjwa ananuka kwenye mfupa ilhali ngozi yake imekauka vizuri.

Baada ya siku moja mbili kwenye chumvi ndipo aanikwe, juu ya chanja, si mchangani. Hapa kalenda yetu inaingia. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upepo ni mkavu na unavuma kutwa. Ng'onda anakauka kwa raha. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, hewa yenyewe imelowa na chumvi inavuta maji kutoka hewani kurudi kwenye samaki. Namba iliyokuwa salama inapanda tena. Kwa bahati mbaya huo ndio msimu wa pesa za korosho, wakati Tandahimba na Newala wananunua kitoweo bila kuuliza mara mbili. Anayetaka kuuza ng'onda msimu wa korosho amkaushe wakati wa kusi, amfunge pakavu, asisubiri mvua ndipo aanze kukimbizana na jua.

Kuna jambo moja linalowatia watu hofu: ng'onda kuwa na rangi ya waridi au nyekundu. Hao ni viumbe waitwao Halobacterium, na licha ya jina lao si bakteria bali ni arkea, ukoo mwingine wa seli zisizo na kiini. Wanakuja na chumvi yenyewe, kwa sababu chumvi yetu ya Lindi na Mtwara hukaushwa kwa jua kwenye mashamba ya chumvi, na huko ndiko makazi yao. Wao chumvi ndiyo inayowashikilia. Ganda lao linahitaji chumvi nyingi kiasi kwamba ukiwamwagia maji baridi yasiyo na chumvi wanapasuka. Hawajulikani kuleta ugonjwa, lakini wanameng'enya protini, wanalegeza nyama na kuacha harufu. Chumvi safi iliyokaa muda mrefu ikiwa kavu ina wachache zaidi, na nyuzi za chini ya tano zinawasimamisha.

Hizi mbili uso kwa uso

Barafu inamtunza samaki akiwa samaki. Mnunuzi wa Masasi anayetaka kupika mchuzi wa nazi wa changu mbichi hatakubali ng'onda, na atalipa zaidi. Lakini barafu ni ahadi isiyovumilia kuvunjwa: gari likiharibika Nanganga na barafu ikayeyuka, mali yote inaanza kuhesabu dakika 20 zake. Chumvi inavumilia. Gari lilale njiani siku mbili, ng'onda aliyeshiba chumvi hana habari, mradi asinyeshewe. Inakugharimu mwonekano, uzito wa maji yaliyotoka, na wateja wenye shinikizo la damu ambao inabidi wamloweke usiku kucha na kumwaga maji.

Kwa hiyo usiulize ipi inahifadhi vizuri zaidi. Uliza una uhakika kiasi gani na njia yako. Mwenye deli zuri, barafu kilo kwa kilo, na gari linaloondoka saa moja, achague barafu bila kusita. Anayetoka kisiwani au kijiji ambako barafu haipatikani mpaka mtu aifuate mjini, asijidanganye na barafu ya nusu. Saa zile za kuisubiri ndizo bakteria anazozitaka. Mpasue, mtie chumvi palepale ufukweni.

Dagaa: kuchemsha au kuanika tu?

Kwa dagaa uamuzi ni rahisi. Dagaa ni mdogo, huwezi kumtoa matumbo mmoja mmoja, na matumbo yake yamejaa bakteria na vimeng'enya vyake mwenyewe vinavyoendelea kummeng'enya hata akiwa amekufa. Kumwanika mbichi ni kuanzisha mbio kati ya jua na matumbo hayo. Siku ya jua kali jua linashinda. Siku ya mawingu linashindwa, tumbo linapasuka na nzi wanajaa.

Ukimtumbukiza kwenye maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika chache, kama wanavyofanya wengi Kilwa, unamaliza mambo mawili kwa mpigo: protini za bakteria zinaganda na vimeng'enya vya samaki vinazimwa. Kinachobaki jua linakikausha kwa siku moja au mbili. Gharama ni kuni na sufuria kubwa. Nadhani inarudi.

Ila kuchemsha hakuui kila kitu. Baadhi ya bakteria wa ukuta mnene, wa jamii za Bacillus na Clostridium, wakibanwa hujenga spora: DNA yao inafungwa ndani ya chembe iliyokauka, ikazungushiwa maganda kadhaa magumu, na humo hakuna kinachoendelea. Spora haili wala haipumui, na spora nyingi huzivumilia nyuzi 100. Viwanda vya makopo huzifikisha nyuzi 121 kwa mgandamizo, jambo ambalo sufuria ya ufukweni haliwezi. Njia pekee uliyo nayo ni kuzinyima maji baadaye, kwa sababu spora huamka ikipata unyevu. Dagaa aliyechemshwa akafungwa kwenye kiroba akiwa bado na umajimaji ni hatari kuliko anavyoonekana.

Moshi

Moshi una sifa kubwa kuliko unachostahili. Ndani yake zimo fenoli, asidi na formaldehidi, na kweli zinashambulia utando na protini za bakteria. Lakini zinaishia juu ya ngozi. Kinachohifadhi samaki wa moshi hasa ni joto la moto na ukavu anaoupata. Aliyebanikwa akaiva nje na kubaki laini ndani, ambaye ndiye mtamu kuliko wote, ni samaki aliyepikwa tu. Mpe siku moja au mbili. Aliyekaushwa mpaka akavunjika kama ukuni hudumu, ila hapo moshi umebaki kwa ajili ya harufu.

Ongeza na kuni. Mikoko inawaka vizuri na ndiyo iliyo karibu, lakini kuikata bila kibali ni kosa, na bila mikoko hao samaki wachanga watakulia wapi? Moto wa moshi mzito nao huacha masizi yenye benzopireni, ambayo inahusishwa na saratani. Ukibanika, tumia mkaa mwekundu au kuni kavu kwenye tanuri lililofunikwa, moshi uwe mwepesi.

Kukaanga

Mafuta ya moto yana nyuzi zaidi ya 160, hakuna seli hai inayobaki juu ya samaki. Shida inaanza akitoka kwenye karai. Anapangwa kwenye sinia, anashikwa, anageuzwa, anafungwa gazetini. Staphylococcus wa mikononi anakutana na chakula kilichoiva kisicho na mshindani hata mmoja. Samaki wa kukaanga ni wa leo na kesho asubuhi. Ashikwe kwa koleo.

Jodari, nguru na vibua

Hawa nimewaweka peke yao kwa sababu makosa yao hayarekebishiki. Nyama yao ina asidi amino iitwayo histidini kwa wingi. Bakteria kama Morganella morganii ana kimeng'enya kinachoikata histidini na kuigeuza kuwa histamini. Kwake ni namna ya kupunguza uchachu ndani ya seli. Kwa mlaji ni uso kuwaka, kichwa kugonga, vipele na moyo kwenda mbio, pengine ndani ya nusu saa. Kipimo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni kwamba histamini isizidi miligramu 200 kwa kilo ya samaki.

Sasa angalia ubaya wake. Histamini haina shombo. Haiondolewi na kuchemsha, kukaanga, moshi, chumvi wala friza. Bakteria anaweza kuwa ameshakufa na kimeng'enya chake kikaendelea. Kwa hiyo zile njia nyingine nne haziwezi kumwokoa jodari aliyekaa juani saa tano kwenye ngalawa. Zinaweza tu kumfunga akiwa na sumu yake ndani. Morganella anapenda joto, na barafu tangu saa ya kwanza humsimamisha karibu kabisa. Kama mvuvi hakubeba barafu, mnunuzi mwenye busara ataulizia pono au tasi siku hiyo.

Dagaa jamii ya saladini nao wana histidini ya kutosha, ndiyo sababu nyingine ya kuwachemsha mapema badala ya kuwaacha lundo kwenye mashua.

Kwa safari yako

Harusi kesho Mikindani, kilo 40 za changu: barafu kilo 40, deli mbili, watolewe matumbo leo. Duka la Nachingwea linaloagiza mara moja kwa mwezi: ng'onda na dagaa wa kuchemsha, wote wa kusi ikiwezekana. Genge la jioni mjini Lindi: kukaanga, kiasi kitakachoisha. Mgeni wa Dar es Salaam anayepanda basi alfajiri na anataka kubeba nguru: agandishwe usiku kucha kwenye friza inayofanya kazi, afungwe na barafu juu, akifika aingizwe friza tena akiwa bado mgumu, akishalegea apikwe siku hiyohiyo.

Njia zinachanganyika pia, kwa mpangilio mmoja tu. Barafu kwanza kisha chumvi ni sawa kabisa: samaki waliobaki Jumamosi wakiwa bado na macho maangavu na mashavu mekundu wanaweza kupasuliwa na kutiwa chumvi Jumapili. Aliyekwisha kunuka asitiwe chumvi. Chumvi itawasimamisha bakteria walipofikia, nao walipofikia ni mamia ya milioni kwa gramu, na chochote walichokwisha kukiacha kwenye nyama kitauzwa pamoja na ng'onda huyo.